Kitabu Kizuri Hakijiuzi: Funzo la Maisha ya Shaaban Robert

Mwezi uliopita, bawabu anayelinda lango la nyumba tunamokaa alinisimamisha jioni nikitoka kazini. Baada ya kunijulia hali, na kuniita mwalimu kama ilivyo desturi yake, aliniomba nimtafutie riwaya nzuri ya Kiswahili ya kukeshea. Alikiri kwamba tangu aache shule hajamaliza riwaya hata moja. Ombi lilikuwa jepesi, na mimi nimeitumikia lugha hii kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Hata hivyo, nilibabaika. Nilianza kumweleza dhamira, maudhui na mbinu za usimulizi. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akarudi kwenye kiti chake. Nilipokuwa nikipanda ngazi niliona haya, kwa kuwa nilifahamu fika kwamba nimemkinaisha kitabu hata kabla hajakishika.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Katika mambo ya vitabu, naomba radhi kutofautiana nao. Kitabu kizuri hakijiuzi kamwe. Kinahitaji mtu wa kukichukua mkononi na kumpa mwenzake. Ushahidi wangu ni maisha ya mwandishi ambaye takriban kila aliyepitia darasa la Kiswahili amelisikia jina lake, lakini ambaye wanaomsoma kwa hiari yao ni wachache. Nina maana ya Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, jirani na mji wa Tanga. Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Hakupata kuketi katika ukumbi wa chuo kikuu, jambo ambalo sisi wenye shahada tungefaa kulikumbuka kila tunapozichambua kazi zake kwa majivuno. Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha, akaishika kazi hiyo kwa miaka 18, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Mwaka 1944 alihamishiwa idara ya wanyama, akapelekwa Longido, karibu na mpaka wa Kenya. Miaka miwili baadaye alirejea Tanga kutumikia ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 akawa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya fasihi tunayoiheshimu leo iliandikwa na karani aliyekuwa na mkubwa wa kumtii na daftari za watu wengine za kujaza.

Karani huyo alikuwa msomaji kabla ya kuwa mwandishi, na alichokipenda hakukificha. Aliyasoma mashairi ya Omar Khayyam katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, akayatia katika beti za Kiswahili, yakachapishwa mwaka 1952. Mwaka huo huo ilitoka Adili na Nduguze, ambayo kiini chake ni kisa kimojawapo cha Alfu Lela Ulela, naye akakifuma upya kwa uzi wake mwenyewe. Hali kadhalika, alipoona kwamba maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, yanastahili kujulikana, aliyaandikia wasifu uliochapishwa mwaka 1958. Hakungoja Khayyam wala Siti wajiuze. Aliwachukua akawaleta kwetu.

Je, vitabu vyake mwenyewe vilipata bahati hiyo? Hakuwa mtu asiyejulikana. Alitunukiwa nishani ya MBE na tuzo ya Margaret Wrong, na aliketi katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Pamoja na sifa zote hizo, karibu na mwisho wa maisha yake aliamua kujichapishia baadhi ya vitabu mwenyewe huko Tanga. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, nazo Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikatoka mwaka 1968. Hadithi hizo tatu mwandishi wake hakuziona zikiwa na jalada. Lau kizuri kingejiuza, zisingechelewa hata mwenyewe akatangulia kaburini.

Kuna jambo jingine linalonigusa. Kwa miaka mingi Shaaban Robert alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Barua hizo, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilitunzwa, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikazitoa kuwa kitabu. Ndani yake tunamwona mwandishi akiwa ndugu, mwenye shida na matumaini kama sisi. Tumeipata hazina hiyo kwa sababu kuna watu walioona kwamba karatasi zile si za kutupwa.

Sasa nirejee kwetu, na nianze kwa kujishtaki. Nilipokuwa shuleni, mwalimu wetu alitusomesha Kusadikika kwa kutuandikia ubaoni orodha ya dhamira na sifa za wahusika. Tuliinakili orodha, tukaikariri, tukafaulu. Kitabu chenyewe sikukimaliza. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilisimama mbele ya muuzaji wa vitabu vilivyotumika aliyekuwa amevitandaza kando ya njia jijini Nairobi. Nikaokota Adili na Nduguze, iliyochakaa na kukatika pembe. Nikasoma habari za mjumbe aitwaye Ikibali, aliyetumwa na mfalme kufuatia kodi kwa liwali Adili. Usiku, mgeni huyo anamwona mwenyeji wake, mtu aliyesifika kwa wema, akiwachapa mijeledi manyani wawili, kisha akiwalisha vizuri. Ni manyani gani hao? Kwa nini mtu mwema awafanyie hivyo? Nililipa, nikaondoka nacho, wala sikulala mpaka nilipopata jawabu. Wakati wote huo nilikuwa nimefundishwa kwamba Adili na Nduguze ni kitabu kinachohusu wivu. Hakuna aliyenitajia manyani.

Hapo ndipo lilipo kosa letu sisi walimu. Tumempa Shaaban Robert heshima, tukamnyima wasomaji. Tumemgeuza mnara wa kupigia saluti, ilhali yeye alikuwa mtu wa kusimulia hadithi. Sisemi kwamba hana dosari. Wahusika wake hubeba sifa zao katika majina yao, na mawaidha yake mara nyingine huwa marefu kupita subira ya msomaji wa leo. Anayependa misukosuko ya karibu zaidi na siku zetu atafute Utengano ya Said Ahmed Mohamed au Siku Njema ya marehemu Ken Walibora. Lakini aliyechoshwa na kelele za mji, akatamani kurudi shambani, mpe Utubora Mkulima, kisa cha mtu aliyeuacha mshahara akashika jembe. Aliyewahi kunyamazishwa kwa kusema la haki mpe Kusadikika, amwone Karama akisimama mbele ya mfalme kujitetea siku baada ya siku, huku waziri mwenye kiburi akimtakia maangamizi. Aliyefiwa na mwenzi wake mpe Maisha Yangu, amwone mume akiomboleza kifo cha mkewe Amina.

Ndugu msomaji, ukiulizwa riwaya nzuri, usianze na dhamira. Kwanza mtazame anayekuuliza, ujue usiku wake ni wa namna gani. Kisha mweleze mahali ulipokamatwa wewe mwenyewe ukashindwa kukifunga kitabu, halafu nyamaza. Fauka ya hayo, ikiwa unacho, mpe. Maduka yetu mengi yamejaa vitabu vya kiada, na riwaya ambayo haizungumzwi na watu wala haipo rafuni imekufa mara mbili.

Siku ya pili yake nilishuka na nakala yangu ile ya kando ya njia, nikamwambia bawabu habari za mijeledi na manyani, basi. Baada ya siku nne aliniuliza kwa hasira iwapo Adili alikuwa na haki ya kuwasamehe nduguze. Tulibishana langoni hata chakula changu kikapoa. Nilipomwomba kitabu changu alicheka kwa aibu, akasema amekwisha kumwazima bawabu wa nyumba ya jirani, naye anaye mtu anayekingojea. Mpaka leo hakijarudi, nami sijakiulizia tena.