ATAA BIN ABI RABAAH NA ADABU YA KUSIKILIZA

Miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa Taabiina, yaani wale waliowakuta Masahaba wa Bwana Mtume (S.A.W.), ni Ataa bin Abi Rabaah. Alizaliwa katika zama za Sayyidna Uthman, na asli yake ni Janad katika nchi ya Yaman. Alilelewa Makka, akahisabiwa katika mahuru wa Makureshi. Alikuwa mtu mweusi, chongo, tena kiguru, na mkono wake mmoja umepooza. Na mwisho wa umri wake akapofuka kabisa. Basi mtu kama huyu, asiye na nasaba ya kujivunia wala mali wala sura, alipataje kuwa Mufti wa Makka?

Alipata kwa kusikiliza. Imepokewa kuwa kwa muda wa miaka ishirini sakafu ya Msikiti Mtukufu ndiyo iliyokuwa kitanda chake. Alikaa mbele ya Ibn Abbas, aliyefariki mwaka 68 Hijriya (687), na mbele ya Masahaba wengine, akipokea na kuhifadhi. Ibn Abbas mwenyewe akawashangaa watu wa Makka kumkusanyikia yeye kwa maswali, na hali Ataa yu pamoja nao. Baadaye, siku za Bani Umayya, ikawa inanadiwa wakati wa Haji kuwa asitoe mtu fatwa ila Ataa. Hata Khalifa Suleiman bin Abdul-Malik, aliyetawala tangu mwaka 96 hata 99 (715–717), alikuja na wanawe wawili, wakamngoja amalize sala yake, ndipo wakamuuliza mambo ya Haji.

Na cheo hicho hakikumfunga masikio. Siku moja mtu alikuwa akisimulia hadithi mbele yake, mwengine akamkatiza. Ataa akakasirika, akaikemea tabia hiyo. Akaeleza kuwa yeye huisikiliza hadithi kwa mtu na hali aijua zaidi kuliko huyo msemaji, wala hamwonyeshi kuwa anajua chochote. Pengine msemaji ni kijana, na hadithi yenyewe Ataa aliisikia kabla kijana huyo hajazaliwa. Naye humtegea sikio kama kwamba ndiyo mara yake ya kwanza.

Wanafunzi wake wamesimulia kuwa alikuwa mrefu wa kimya, na anaponena huona kama kwamba amepewa nguvu kutoka kwa Mola wake. Na alipoulizwa jambo asilolijua alisema hajui. Akitakiwa atoe rai yake, alimwonea haya Mwenyezi Mungu watu wasije wakaishika rai yake kuwa ndiyo dini.

Ndugu Mwislamu, zitazame baraza zetu. Mzee humkata kijana kauli kwa kuwa ni kijana; na kijana humkata mzee kwa kuwa amesoma kitabu asichokisoma mzee. Mume hajamaliza mkewe kunena, amekwisha mjibu. Kila mmoja hungoja zamu yake ya kusema, wala hapana anayesikiliza. Anayekatizwa leo, kesho haji na shauri lake, hata likiwa shauri la hakki. Hivyo ndivyo majumba na misikiti inavyopoteza nasaha ambayo haikupata wa kuisikia.

Tena fikiri hili: lau watu wa Makka wangaliuliza kwanza huyu ni mtoto wa nani na rangi yake ni gani, wangalikosa elimu ya Haji yao iliyokuwa kifuani mwake. Walimsikiliza kama yeye alivyowasikiliza wengine, na faida ikawaenea wote.

Alikufa Makka mwaka 114 Hijriya (732), na wengine husema 115. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie katika wale wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mema. Amin.