Allan Cormack: Mtoto wa Johannesburg aliyetuwezesha kuona ndani ya mwili bila kisu

Siasa na mpira tumejadili sana, leo namleta mtu ambaye tunatumia kazi yake bila kulijua jina lake. Ukisikia mgonjwa kaandikiwa CT-Scan, kuna mkono wa Allan Cormack hapo.

Alizaliwa Johannesburg tarehe 23 Februari 1924. Wazazi wake walitoka Scotland, na baba alikuwa mhandisi wa posta. Baba akafariki 1936, familia ikahamia Cape Town. Huko kijana akapenda sana kupanda milima, kwa hiyo sisi wa Usambara tunaelewana naye. Chuo Kikuu cha Cape Town alianza na uhandisi wa umeme, akahamia fizikia, kisha akaenda Cambridge na kurudi kufundisha. PhD hakuwahi kuipata.

Najua kuna mdau atauliza habari za makaburu. Ni kweli, milango iliyofunguka kwake ilifungwa kwa vijana weusi wengi wenye akili kama yake. Tulikumbuke hilo tunapomsifia.

Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilikosa mwanafizikia wa kusimamia mionzi kama sheria ilivyotaka. Cormack akaombwa, akawa anakwenda siku moja na nusu kwa wiki. Pale akagundua kuwa mionzi ya kutibu saratani inapangwa kana kwamba mwili wote uko sawa, wakati mfupa na pafu haviipitishi mionzi kwa kiasi kimoja. Akajiuliza: je, nikipitisha mionzi kutoka pembe nyingi, siwezi kupiga hesabu nikajua ndani kuna nini?

Eksirei ya kawaida ni kivuli, vitu vyote vinalaliana. Yeye alitaka kuona kipande kimoja kimoja, kama mkate wa Irente Farm uliokatwa slesi, ila bila kisu.

Mwaka 1957 akajaribu kwa kipande cha alumini kilichozungushiwa mbao. Hesabu zikaonyesha katikati kuna kitu tofauti. Akamuuliza fundi, kumbe kweli alikuwa ameweka kijiti cha alumini ya aina nyingine! Mwaka huo huo akahamia Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Akachapisha kazi yake 1963 na 1964, karibu kila mtu akaipuuza. Kati ya wachache walioomba nakala ni kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji milimani.

Uingereza, Godfrey Hounsfield akatengeneza mashine yake bila kuijua kazi ya Cormack. Mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa London mwaka 1971. Mwaka 1979 wakagawana Nobel ya Tiba. Cormack alifariki Marekani tarehe 7 Mei 1998, na mwaka 2002 Afrika Kusini ikamtunuku Nishani ya Mapungubwe.

Mashine za mwanzo zilikuwa taratibu mno kwa moyo unaodunda. Za sasa zina kasi, ndiyo maana zinasaidia watoto waliozaliwa na kasoro za moyo, ambao duniani ni karibu mmoja katika kila 100. Daktari huanza na ECHO, isiyo na mionzi. Pale ECHO isipoonyesha vizuri mishipa mikubwa, kwa mfano aorta iliyobanwa, ndipo CT-Scan inaingia: dawa inapigwa mshipani ili njia ya damu ionekane, na mionzi inapunguzwa kwa sababu ni mtoto. Hapo daktari wa upasuaji anaijua ramani kabla hajafungua kifua.

Lakini jamani, mashine haimfuati mtoto nyumbani. Huku kwetu midomo ikigeuka bluu ni rahisi kusingizia baridi. Mtoto akinyonya huku anahema na kutoka jasho, haongezeki uzito, au midomo na ulimi vina ubluu, mpelekeni hospitali mapema. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanza 2015, inapasua mioyo ya watoto hapa hapa nchini.

Wadau mlioko kafe, kwenu huko mtoto wa namna hii anaanzia wapi? Tupeni uzoefu hapo chini.