Hooker na Malisho ya Chini ya Barafu

Joseph Dalton Hooker alizaliwa tarehe 30 Juni, 1817, huko Halesworth, Uingereza. Baba yake alifundisha elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwana akaipenda elimu hiyo tangu utotoni. Alihitimu udaktari mwaka 1839, na mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia merikebu Erebus kama msaidizi wa daktari. Msafara huo, chini ya Nahodha James Clark Ross, ulielekea kwenye bahari za barafu, kusini kabisa mwa dunia.

Pwani ya Antaktika waliyoifikia mwaka 1841 ilikuwa barafu na mawe matupu. Hapakuwa na mti wala jani. Hata hivyo bahari ilijaa nyangumi, sili na pengwini. Riziki ya karibu kila mnyama, hata alaye nyama, huanzia kwenye mimea. Je, wale walipata wapi malisho?

Mahali kadhaa barafu ilikuwa na rangi ya kahawia, ikadhaniwa kuwa ni majivu ya volkano. Ilipochunguzwa kwa hadubini, zilionekana daiatomu, viumbe vidogo mno vyenye magamba ya silika, kitu kile kile kitengenezacho kioo. Ehrenberg, bingwa mashuhuri wa Ujerumani aliyepelekewa vielelezo, alivihesabu kuwa ni wanyama. Hooker, ingawa alikuwa kijana, alishikilia kwamba ni mimea. Hayo hayakuwa mabishano ya majina tu: kama ni mimea, basi ndiyo malisho ya bahari nzima.

Elimu ya baadaye ilithibitisha maoni yake. Mwani huo mdogo huishi katika vijia vya maji ya chumvi ndani ya barafu na upande wake wa chini, ukitumia mwanga hafifu upenyao. Uduvi huuparua na kuula. Nao uduvi huliwa na samaki, pengwini, sili na nyangumi.

Hooker, rafiki mkubwa wa Charles Darwin, aliongoza Bustani ya Kew tangu 1865 hadi 1885. Alifariki tarehe 10 Desemba, 1911, akiwa na miaka 94. Katika majira ya baridi ya 2023, barafu ya bahari aliyoipita ilikuwa haba kuliko majira yote ya baridi yaliyopimwa kwa setilaiti tangu 1979. Barafu ikikosekana, mwani huo hukosa mahali pa kuota, na uduvi hukosa chakula.