Johann Ludwig Krapf: Imani iliyobaki baada ya msiba wa Mombasa

Aliwasili Mombasa mwaka 1844 akiwa na mke mjamzito. Miezi miwili baadaye alikuwa amebaki peke yake, akitetemeka kwa homa, mke na mtoto wakiwa kaburini. Leo tunamkumbuka Krapf kwa kamusi na sarufi ya Kiswahili. Katika makala haya tunaangalia kilichomwezesha kuamka siku iliyofuata.

Wasikilizaji wetu hutuuliza mara kwa mara: imani inamsaidia nini mtu aliyepoteza kila kitu? Jibu rahisi hatuna. Tunayo habari ya mtu mmoja ambaye maisha yake yamefungamana na lugha tunayotangazia kila siku.

Krapf alizaliwa wapi?

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima Walutheri. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Mtoto huyo aliugua kwa muda wa miezi sita. Akiwa kitandani alisoma Biblia, hasa habari za wazee wa Agano la Kale, na huko ndiko ilikoanza tabia aliyodumu nayo: akipatwa na shida, alirudi kwenye Maandiko na sala.

Shuleni alivutiwa na ramani ya Afrika, iliyokuwa na nafasi tupu nyingi wakati huo. Akasomea kazi ya umisionari mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS.

Ethiopia: mlango uliofungwa

Kazi hiyo ya kwanza haikumwendea vizuri. Mwaka 1838 alifukuzwa Adwa, kaskazini mwa nchi. Akahamia Shewa, ambako alijifunza lugha ya Waoromo akitumaini kuwafikishia Injili. Mwaka 1842 alisafiri kwenda Misri kumpokea na kumuoa mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani aliporwa mali yake, na baada ya ndoa hakuruhusiwa kurudi Shewa.

Krapf na Rosine walijaribu kuingia kwa njia nyingine, kupitia Massawa. Jangwani Rosine akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto huyo hakuishi hata siku moja. Walimpa jina la Eneba, maana yake chozi kwa Kiamhari.

Hapo wengi wangefunga safari ya kurudi kwao. Krapf aliona kwamba mlango mmoja ukifungwa, aliyemtuma hajabadilika. Akaamua kuwafikia Waoromo kwa kupitia upwa wa Afrika Mashariki.

Julai 1844

Januari 1844 walifika Zanzibar. Sultani Seyyid Said aliwapokea vyema na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa viongozi wa pwani. Mwezi Mei mume na mke wakahamia Mombasa. Mwezi Juni Krapf alikwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Inafaa tulikumbuke hilo: tafsiri ya mwanzo kabisa ya Biblia kwa Kiswahili ilianza kwa msaada wa mwanachuoni wa Kiislamu.

Kisha homa ikaingia nyumbani. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na tarehe 13 akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, hata kuinuka kuthibitisha kwamba mkewe amekata roho kulimshinda nguvu. Baada ya muda mfupi mtoto naye akafa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, katika eneo la Nyali ya leo.

Barua aliyowaandikia wakuu wake London imekuwa maarufu. Hakuomba arudishwe kwao. Aliwaeleza kwamba sasa wana kaburi katika ardhi ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi imeanza. Aliwataka walione kama wito wa kuwaleta wengine.

Tusifikiri kwamba hakuumia. Alilia, na maandishi yake hayafichi huzuni wala upweke. Imani yake haikuizuia homa, wala haikumrudishia mke. Ilimpa sababu ya kuichukua kalamu tena. Msamiati aliouanza ukaongezeka neno kwa neno, na mwaka 1847 sura za mwanzo za tafsiri yake zikachapishwa Marekani.

Rabai na milima ya theluji

Mwezi Juni 1846 alipata mwenzake, Mjerumani Johannes Rebmann. Tarehe 25 Agosti mwaka huohuo wakapanda kwenda Rabai, nyuma ya Mombasa, kuanzisha kituo. Wote wawili walikuwa wagonjwa na walikuwa na punda mmoja tu wa kupokezana. Kituo kikaanza hivyo.

Matunda yalikuwa machache mno. Miaka ilipita bila waumini. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Mtu anayehesabu mafanikio kwa idadi angesema kazi imeshindwa.

Mwaka 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya. Waliporipoti kuwepo kwa theluji karibu na Ikweta, baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliwakejeli.

Safari ya mwaka 1851 ilikaribia kumuua. Karibu na Mto Tana msafara wake ulishambuliwa na wanyang'anyi, na mwenyeji wake, kiongozi wa Wakamba aliyeitwa Kivoi, akauawa. Krapf alikimbilia porini peke yake. Alipofika mtoni alijaza maji kwenye mkoba wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akatembea kwa siku kadhaa kwa njaa na kiu hadi akapata watu.

Lawama na deni

Krapf hakuwa malaika. Mila za wenyeji, hasa za Wamijikenda, alizihukumu kwa ukali, na wapo wanahistoria wanaosema wamisionari kama yeye waliwafungulia njia wakoloni. Hoja hizo zina uzito na hatuzifuti.

Hata hivyo, Kiswahili kinamdai na yeye anakidai. Kabla yake kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, naye akakiandika kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1850 alichapisha sarufi. Aliwapelekea wasomi wa Ujerumani miswada ya tenzi za kale, ukiwemo Utendi wa Tambuka. Yote hayo asingeyaweza bila wenyeji waliomfundisha, Waislamu kwa wasio Waislamu, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa.

Mwisho wake

Afya ilimlazimisha kuondoka mwaka 1853. Alirejea kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, kisha akaishi Korntal, karibu na Stuttgart. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akarudi akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafariki hukohuko Korntal, karibu na rafiki yake.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata. Hakuiona. Hakuona pia mwaka 1883, ambapo Joseph Thomson alithibitisha kwamba Mlima Kenya upo kweli.

Kanisa alilolitamani lilikuja baadaye, kwa mikono ya watu wengine, wengi wao Waafrika waliookolewa kutoka utumwani na kupewa makazi Rabai na Freretown, jirani na kaburi la Rosine. Kaburi hilo bado lipo Nyali, na Rabai kuna makumbusho yenye jina la Krapf. Kwa msikilizaji aliye katika msiba leo, huenda hilo ndilo la kushika: Krapf hakupata jibu la kwa nini Rosine alikufa. Aliomba nguvu za siku moja, akazipata, akaandika neno jingine.