Rodney Porter: Mwanasayansi aliyefichua umbo la kingamwili kwa utomvu wa papai

Mpishi anayelainisha nyama ngumu kwa papai bichi, awe Bungoma au Kitale, huenda hajui kwamba utomvu huo mweupe ulimsaidia Mwingereza mmoja kutwaa Tuzo ya Nobel.

Rodney Robert Porter alizaliwa Oktoba 8, 1917, mjini Newton-le-Willows, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Liverpool, akatumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaenda Cambridge kuwa mwanafunzi wa Frederick Sanger.

Huko ndiko alikoanza kusumbuliwa na swali la kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vijidudu vya maradhi. Zilijulikana kuwapo, lakini ni kubwa mno, na mbinu za siku zile hazikutosha kuzichunguza zikiwa nzima. Porter akaamua kuzikata. Kisu chake kilikuwa papaini, kimeng'enya kinachokata protini, kitokanacho na utomvu wa papai bichi. Zao ambalo Tanganyika ilikuwa ikiliuza ng'ambo.

Majaribio ya awali, kwa papaini isiyo safi, hayakumridhisha. Alirejea miaka kadhaa baadaye, akiwa mtafiti Mill Hill, London, safari hii na papaini iliyosafishwa. Mnamo 1959 alitangaza kwamba kingamwili za sungura zilikatika vipande vitatu: viwili vilivyofanana, ambavyo bado viliweza kunasa, na cha tatu kisichonasa chochote ila kiligeuka fuwele. Kufikia 1962 alikuwa amependekeza umbo lenyewe: minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi.

Tuzo ya mwaka 1972 aligawana na Mmarekani Gerald Edelman, aliyeitenganisha minyororo hiyo kwa njia nyingine. Leo, ipo dawa ya sumu ya nyoka nchini Marekani inayotengenezwa kwa kukata kingamwili za kondoo kwa papaini.

Wengi wangetulia hapo. Porter, aliyekuwa Oxford tangu 1967, aligeukia komplementi, mfumo wa protini za damu ambamo mwili wenyewe ndio hushika kisu. Kingamwili ikimnasa bakteria, kimeng'enya kimoja hukata protini inayofuata, nayo ikageuka kisu cha kukata nyingine, hadi utando wa bakteria utobolewe. Visu hivyo visipodhibitiwa, humjeruhi mwenye mwili.

Alifariki katika ajali ya gari Septemba 1985, akiwa na umri wa miaka 67 na karibu kustaafu, utafiti huo ukiwa ungali mikononi mwake.