Amir Jamal: Mchumi Aliyekabidhiwa Mawasiliano

Marehemu Amir Habib Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1922, akasomea biashara na uchumi katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, Jamal alikuwa waziri katika Serikali ya Tanzania, naye aliendelea kuaminiwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Reli iliyofika Kasese tangu 1956, pamoja na simu, posta na ndege, haikuwa tena mali ya pamoja. Jamal akakabidhiwa Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi, nchi ikijijengea mashirika yake. Mwaka uliofuata vita vya Kagera vikazuka; na jeshi lisilosafirishiwa chakula wala kupashwa habari halisongi mbele. Kampala ilitwaliwa Aprili 1979. Mwaka huo huo Jamal akarudishwa Wizara ya Fedha, gharama za vita zikimsubiri. Alifariki mwaka 1995.

Huko Mpondwe, ambako mto Lubiriha huwatenga Wakonzo na ndugu zao Wanande wa Kongo, askari mlinzi wa mpaka na ampime mtu kwa matendo yake, si kwa asili yake.