Mfinyanzi wa Fumba: Maisha ya Siti binti Saad

Shaaban Robert twamjua sote. Lakini ukiuliza darasani ni mwanamke gani aliyemwandikia wasifu, wenzangu wananyamaza jii! Basi leo nawasimulia.

Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 hivi. Babake alikuwa Mnyamwezi, mamake Mzigua, wote watumwa, na mtoto naye akaitwa Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo kila asubuhi! Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, ila umaskini haukupigwa marufuku. Shule hakuingia, kusoma hakujua. Alifunzwa ufinyanzi, kazi ya mamake, akawa anabeba vyungu hadi mjini na kuvinadi kwa sauti iliyosikika kabla mwenyewe hajaonekana. Ni kama mtu atoke hapa Kathiani kwa miguu hadi Machakos, vyungu kichwani, na bado awe na pumzi ya kuimba. Mimi singeweza.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa, akamfunza kuimba. Taarabu ya siku hizo ilikuwa ya Kiarabu na ya wakubwa. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, wachukuzi na wapishi wakaielewa. Jina la Mtumwa likafa, akawa Siti, yaani bibi wa heshima.

Wenye wivu walimtungia wimbo, ati ametoka shamba na kaniki chini, na kama si sauti angekula nini. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, hoja ni akili. Hapo ndipo ninapompendea!

Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, nazo zikachezwa kote Afrika Mashariki. Kuna na ule wimbo wa Kijiti, aliyemwua mwanamke kisha akatorokea bara, huku mashahidi wakitiwa jela badala yake. Gazeti maskini hakuwa nalo, lakini wimbo ulienda nyumba hadi nyumba, na hakimu hakuweza kuufunga.

Siti alifariki Julai 1950. Bi Kidude, aliyezijua nyimbo zake tangu utotoni, aliendelea kuziimba hadi uzeeni, mpaka naye akatutoka mwaka 2013.